Mirathi Isiyogawanywa Hubomoa Nyumba

Mtu akitoka Ngome ya Yesu akaifuata Ndia Kuu, kisha akaingia katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, ataona milango ya nakshi ambayo wageni huja kutoka mbali kuitazama. Lakini akiinua macho juu ya milango hiyo, ataona jambo ambalo wageni hawalipigi picha. Ataona roshani zilizoinama, boriti za mikoko zilizooza, na hapa na pale mti umeota juu ya ukuta wa ghorofa ya pili kana kwamba umepandwa. Akimwuliza mzee aliyeketi barazani, "Nyumba hii ya nani?" mara nyingi atajibiwa kwa maneno matatu tu: "Ya watu wengi."

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba nyumba hizo zinaanguka kwa sababu ya umaskini. Sasa najua kwamba nyingine huanguka ingawa wenyewe wanayo fedha ya kuzitengeneza. Huanguka kwa sababu mwenye jina katika hati alikwisha kufa, na warithi wake hawakwenda kuandikisha mirathi. Aliyekufa hawezi kutia sahihi, na aliye hai hana idhini ya kutia. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa namna hii hauzibwi kwa chokaa, huzibwa kwa karatasi, na nimeona kwa macho yangu jinsi unavyopanuka kila mwaka unapoachwa.

Mimi ni karani wa serikali niliyesoma katika skuli ya misheni. Ndugu wa mama yangu, ambaye mimi namwita Mama Mdogo, aliolewa na Mwislamu wa Mji wa Kale, naye akasilimu. Mumewe alifariki miaka kumi na miwili iliyopita akamwachia watoto wawili, wa kiume na wa kike. Wanaishi katika vyumba viwili vya nyumba ya babu yao wa kiumeni huko Kibokoni, nyumba ya mawe ya matumbawe yenye ghorofa moja na duka chini. Masika moja kipande cha dari kilianguka juu ya ngazi, nusu saa tu baada ya binti kupita akienda skuli. Mama Mdogo akanijia, akasema, "Mwanangu, wewe unajua mambo ya ofisi. Nisaidie nitengeneze dari hii kabla haijaniulia mtoto."

Nilidhani ni kazi ya juma moja. Ilinichukua mwaka na zaidi, na leo nawaandikia wasomaji niliyojifunza, ili mwenye shida kama hiyo asipotee njia nilizopotea mimi.

"Hatupelekani kwa Kadhi"

Jambo la kwanza tulilokutana nalo halikuwa sheria, bali haya. Tuliwakusanya wenye nyumba barazani. Mkubwa wao ni ami wa watoto, mtoto wa kiume pekee wa babu aliyebaki hai. Pamoja naye walikuwapo dada zake wawili, na wa tatu yuko Maskati, nchi ya Omani, tangu aolewe huko. Niliposema kwamba inafaa kwenda mahakamani kuandikisha mirathi, Ami alinitazama kwa huzuni, akasema, "Sisi ni watu wa nyumba moja. Hatupelekani kwa Kadhi."

Sikumlaumu. Kwetu sisi watu wa pwani, neno korti linanuka ugomvi, na anayetaja mirathi mapema hudhaniwa kwamba alikuwa akingojea kifo. Basi watu hukaa kimya kwa heshima, na heshima hiyo hugeuka deni linalolipwa na watoto. Ami mwenyewe hakuwa dhalimu. Alikuwa akikusanya kodi ya duka na kumpa killa mtu kidogo, kwa kadiri alivyoona yeye kuwa ni haki. Lakini hakuna mtu aliyejua fungu lake ni kiasi gani, wala hakuna aliyethubutu kuuliza.

Jambo lililotuzindua ni mnunuzi. Alikuja na karatasi iliyokwisha pigwa chapa, akataka warithi watie sahihi au dole gumba, achukue nyumba "kama ilivyo," na mengine atayamaliza mwenyewe. Fedha aliyotaja ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa fedha mkononi, na killa mmoja alikuwa na shida yake. Hapo nilikwenda kuuliza kwa watu wanaojua, nikaambiwa mambo mawili. La kwanza, mtu anayenunua kwa wale ambao majina yao hayamo katika hati, wala hawana idhini ya mahakama, ananunua upepo. La pili, Sheria ya Urithi ya Kenya, katika kifungu cha 45, inamkataza mtu kuitumia au kuiuza mali ya marehemu bila ya idhini ya sheria. Ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Nilipomweleza Ami hayo, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi twende. Lakini twende kama ndugu."

Mlango Gani wa Kubisha?

Hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, pamoja na ukarani wangu. Nilinunua fomu kwa kijana mmoja nje ya majengo ya mahakama, nikamlipa na haki ya kunijazia, nikaziwasilisha. Zikarudishwa. Nilikuwa nimebisha mlango usio wetu, na katika orodha ya mgao nilikuwa nimewaandikia warithi wote sawasawa, kama wanavyogawanyiwa watoto wasio Waislamu. Fedha ikapotea, na miezi miwili pia.

Njia ni mbili. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilitungwa mwaka 1972 ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mwanzoni iliwahusu wananchi wote, lakini Waislamu walitoa malalamiko yao, na mwaka 1990 ikarekebishwa, ili mali ya Mwislamu igawanywe kwa sharia ya Kiislamu. Mahali pa kuamua nani ni mrithi na fungu lake ni lipi ni Mahakama ya Kadhi. Mahakama hizo si jambo jipya. Makadhi walikuwapo pwani tangu zama za masultani. Uingereza ilipochukua ulinzi wa ukanda wa pwani kwa mapatano ya mwaka 1895, iliwaacha waendelee na kazi yao, na mwezi wa Oktoba 1963, Uhuru ukikaribia, serikali ya Kenya na ya Zanzibar ziliandikiana kwamba mahakama hizo zitahifadhiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezitia tena, kwa sharti hili: wote wanaohusika wawe Waislamu, na wote wakubali kuhukumiwa hapo. Kwa hiyo mimi nilikuwa msindikizaji tu. Aliyeomba ni Mama Mdogo, kwa nafsi yake na kwa niaba ya binti yake, ambaye hajatimia miaka kumi na minane.

Kwa wasomaji wasio Waislamu, ambao kisiwani humu nao ni wengi, njia ni ya mahakama ya hakimu au Mahakama Kuu, kwa kadiri ya thamani ya mali. Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 20. Mwombaji huleta cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, maandishi ya warithi wenzake kwamba wameridhia, na wadhamini. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka killa Ijumaa, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Akishapewa hati ya usimamizi, kwa kawaida hungoja miezi sita kabla mahakama haijathibitisha mgao, na kabla ya uthibitisho huo hana ruhusa ya kuuza ardhi wala nyumba. Mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki huitumia maishani mwake. Watoto hugawanywa sawa, wa kiume na wa kike. Msimamizi si mwenye mali. Ni mtumishi wa warithi, na akiila mali anaweza kushtakiwa.

Kutafuta Karatasi

Tulirudi nyumbani tukaanza upya. Kabla ya mahakama yo yote ya kusikiliza, hutakiwa ushahidi wa mambo matatu: kwamba mtu amekufa, kwamba mali ilikuwa yake, na kwamba hawa ndio warithi wake wote.

Waliokufa kwetu walikuwa watatu: babu, mwanawe aliyekuwa mume wa Mama Mdogo, kisha bibi. Cheti cha mume kilikuwapo. Cha bibi tulikipata ofisini baada ya safari tatu. Cha babu hakikuwapo kabisa, kwa maana wakati ule watu waliridhika na kibali cha kuzika tu, wakakiweka mkobani mpaka kikaliwa na nondo. Ikatubidi kuomba kiandikishwe upya, kwa ushahidi wa wazee waliohudhuria maziko. Halafu majina. Katika hati ya nyumba babu aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, kukiwa na "bin" katikati. Katika kitambulisho aliandikwa majina matatu bila ya "bin", tena kwa herufi tofauti. Kwa serikali hao ni watu wawili, mpaka mtu aape mbele ya kamishna wa viapo kwamba ni mmoja.

Kisha tukaenda ofisi ya ardhi kuomba upekuzi, yaani kutazama daftari linasemaje. Mombasa hili si jambo la kufanya kwa kubahatisha. Ardhi ya kisiwa na ukanda wote wa pwani ilianza kuandikwa kwa sheria ya mwaka 1908, ambayo ilimtaka killa mwenye dai alilete lisikilizwe, na hati zilizotolewa wakati huo ndizo mizizi ya hati nyingi za leo. Mtu anaweza kugundua mojawapo ya mambo matatu. Anaweza kugundua kwamba nyumba na kiwanja vyote ni vya marehemu. Anaweza kugundua kwamba marehemu alikuwa na nyumba bila ya ardhi, desturi ya Mombasa inayojulikana sana, ambapo mtu hujenga juu ya kiwanja cha mwingine akakilipia kodi. Hapo kinachorithiwa ni kuta na paa tu. Au anaweza kugundua kwamba mali ni wakf, yaani imefungwa kwa ajili ya msikiti, maskini, au kizazi cha mwenye kuiweka.

Wakf hairithiwi wala haiuzwi kama mali nyingine. Hapa Mombasa mambo yake yalisimamiwa na Makamishna wa Wakf chini ya sheria ya mwaka 1951, na sheria mpya ilitungwa mwaka 2022. Wapo waliogombea nyumba miaka mingi, mwisho wakaambiwa kwamba babu yao aliiweka wakf na hapana cha kugawanya. Kwetu, namshukuru Mungu, daftari lilionyesha kwamba nyumba na kiwanja ni vya babu. Lakini lilionyesha pia kwamba kodi ya kiwanja inayolipwa serikali ya kaunti haikulipwa kwa miaka mingi, na faida ya deni hilo imelizidi deni lenyewe. Pasipo kulipa hiyo, hakuna atakayebadilisha jina.

Yanayotangulia Mgao

Siku tuliyokwenda kuleta maombi yetu, karani wa mahakama, mtu mpole, alitufundisha utaratibu ambao yafaa killa mtu aujue. Mali ya marehemu hailiwi kwanza na warithi. Kwanza hutolewa gharama za maziko. Pili hulipwa madeni, na katika madeni hayo ni mahari ya mke yaliyobaki, ambayo wajane wengi huyasamehe kwa kuona haya tu. Tatu hutekelezwa wasia, usiozidi thuluthi moja ya mali, wala mrithi hausiwi juu ya fungu lake ila warithi wenzake waridhie. Baada ya hayo ndipo warithi hushika mafungu yao.

Akatuonya pia juu ya kuficha mrithi. Wako wanaoacha jina la mke wa bara, au la dada aliyeolewa mbali, wakidhani wamepunguza walaji. Mrithi aliyefichwa akitokea, hata baada ya miaka, kazi yote yaweza kubatilishwa. Na juu ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ya baba Mwislamu, mwezi wa Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kuwanyima urithi kwa sababu hiyo tu ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Hukumu hiyo imezungumzwa sana mabarazani, na hapa si mahali pa kuijadili. Linalompasa mwombaji ni kutaja majina yote, na kumwachia hakimu kazi ya kuamua.

Kutoka Mafungu 8 Hadi 1,440

Sasa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa kuwa siri ya nyumba zinazoanguka imo humu.

Babu alipofariki, wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Aliacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti watatu. Mke, kwa kuwa mume ameacha watoto, hupata thumuni, yaani fungu moja katika manane. Mafungu saba yaliyobaki ni ya watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Basi killa mwana mafungu mawili, killa binti fungu moja. Jumla ni mafungu 8, na hakuna hata moja linalokatika. Lau warithi wangalikwenda mahakamani mwaka huo, mtoto wa darasa la sita angaliweza kuifanya hesabu yao.

Hawakwenda. Akafa mwana mmoja, mume wa Mama Mdogo, mwenye mafungu mawili. Mama yake alikuwa hai, naye akastahili sudusi ya mali ya mwanawe. Mkewe akastahili thumuni, na yaliyobaki ni ya mtoto wake wa kiume na wa kike. Ili killa mtu apate bila ya kukata fungu, nyumba ile ile sasa yapasa igawanywe mafungu 288. Katika hayo, 72 ni ya marehemu: mama yake 12, mkewe 9, mwanawe 34, binti yake 17.

Hata hapo hawakwenda. Akafa bibi. Yeye alikuwa na mafungu 36 kutoka kwa mumewe na 12 kutoka kwa mwanawe, jumla 48, na waliomrithi ni mwana aliye hai na binti zake watatu. Lakini 48 haigawanyiki kwa watano bila ya baki, basi mafungu yote yakawa 1,440. Ami 456. Killa dada 228. Mama Mdogo 45, mwanawe 170, binti yake 85. Nyumba haikuongezeka hata jiwe moja, ila imepungua dari, na mafungu yametoka manane hadi elfu moja mia nne na arubaini kwa vifo viwili tu. Wakifa wawili zaidi, na mmoja awe Maskati na watoto wake wamezaliwa huko, nani atakayewakusanya watie sahihi? Hiyo ndiyo nyumba "ya watu wengi."

Kilio cha Wajukuu

Katika hesabu hiyo Mama Mdogo aliona jambo lililomwumiza. Bibi aliwapenda mno wale wajukuu wawili, na binti ndiye aliyemwuguza mpaka mwisho. Lakini katika mafungu 48 ya bibi hawakupata hata moja. Sababu ni kwamba baba yao alimtangulia bibi, na maadamu ami yao yu hai, yeye mwana huwazuia wana wa ndugu yake. Haki yao ni ile waliyoipata kwa baba yao tu.

Mama Mdogo aliuliza, "Hapakuwa na dawa?" Ilikuwapo. Kwa kuwa wajukuu hao hawakuwa warithi wake, bibi angaliweza kuwausia mpaka thuluthi ya mali yake, kwa maandishi na mashahidi. Hakufanya hivyo, si kwa kukosa mapenzi, ila kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wangapi katika Mji wa Kale wanalea wajukuu mayatima, wakidhani kwamba mapenzi yanatosha?

Siku ya Kusikilizwa

Siku ilipofika tulikaa katika ukumbi mdogo, hapana makelele wala ukali niliouogopa. Kadhi aliwaita warithi kwa majina, mmoja mmoja, akawauliza kama wanakubali mbele yake kwamba hawa ndio warithi wote. Dada wa Maskati aliwakilishwa kwa hati ya uwakilishi aliyoitia sahihi huko na kuithibitisha kwa njia ya ubalozi, akaileta kwa mkono wa msafiri. Mama Mdogo aliposimama alisema kwa sauti ndogo, "Sheikh, mimi sitaki kumfukuza mtu. Nataka dari." Watu wakacheka, na Kadhi naye akatabasamu. Nikaona mabega ya Ami yameshuka.

Baada ya kusoma mafungu, Kadhi aliwakumbusha kwamba katika Sura ya An-Nisaa, mlemle mlimotajwa mafungu ya warithi, imo aya ya nane, inayowataka wanaogawana wawape kitu jamaa, mayatima na maskini wanaohudhuria mgao. Hakuwalazimisha. Alisema tu kwamba fungu ni haki, na hisani ni mlango mwingine.

Jioni ile ujumbe ukapelekwa Maskati. Siku ya tatu majibu yakaja: shangazi amewapa wale watoto wawili mafungu yake yote 48 aliyorithi kwa mama yake, kwa kuwa binti yule, alisema, alimwuguza mama yangu nami sikuwapo. Akatuma hati nyingine ya kuthibitisha hiba hiyo. Ami aliposikia hakusema neno, lakini yeye ndiye aliyetoa fedha ya kulipa deni la kaunti, akaandikiwa kwamba atarudishiwa kidogo kidogo katika kodi ya duka.

Mnunuzi alirudi mara moja, akakuta majina saba na hukumu yenye muhuri, akaenda zake. Nyumba haikuuzwa. Mthamini aliitazama akaikadiria bei yake, ili siku mmoja atakapotaka kutoka, wenzake wajue wamlipe kiasi gani. Na kwa kuwa Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, hata fundi hakuanza kazi mpaka tulipopata ruhusa. Lakini safari hii ruhusa iliombwa na watu wenye haki ya kuiomba. Asiyeridhika na hukumu ya Kadhi anaweza kukata rufani Mahakama Kuu, ambako jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kuwa washauri wake. Kwetu hakuna aliyetaka.

Mambo ya Kukumbuka

Kwa faida ya wasomaji naweka hapa kwa ufupi:

1. Chukua cheti cha kifo mapema, na utazame majina yake kama yanalingana na ya hati. Kibali cha kuzika hakitoshi.

2. Kabla hamjagawana hata kijiko, fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi, mjue kama ni milki, ni nyumba bila ya ardhi, au ni wakf.

3. Bisha mlango ulio wako. Marehemu akiwa Mwislamu na warithi wakikubali, ni kwa Kadhi. Akiwa si Mwislamu, ni kwa hakimu au Mahakama Kuu.

4. Usinunue fomu wala usilipe ada njiani. Lipa penye risiti.

5. Taja warithi wote, wa karibu na wa mbali, unaowapenda na usiowapenda.

6. Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ya mnunuzi kabla ya mirathi kwisha.

7. Ukiwa unalea mjukuu yatima, au una jamaa asiye mrithi umpendaye, andika wasia wako leo, kwa mashahidi.

Wako watakaosema kwamba kuzungumza mirathi ni kuharakisha mauti. Mauti hayangoji mazungumzo. Mimi niliona familia iliyoogopa kwamba mahakama itawatenganisha, nayo kabla ya hapo ilikuwa imetengana kwa kimya, killa mtu na dhana yake. Walipojua mafungu yao ndipo walipoweza kupeana.

Basi msomaji, ukirudi nyumbani jioni hii, kabla hujafunga mlango, uliza swali moja tu: hati ya nyumba hii imeandikwa jina la nani? Ukijibiwa kwa jina la marehemu, kesho asubuhi unayo safari.